Rafiki wa Mbali kwa Njia ya Muziki: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Mpanda

Ukiishi Mpanda na ukawa mpenzi wa muziki wa dansi wa zamani, mara nyingi utasikiliza peke yako. Vijana wa nyumbani wanataka Bongo Fleva na singeli, jirani anafungulia nyimbo za Kisukuma tangu alfajiri, na wazee waliojua kutofautisha Saboso ya Western Jazz na Segere Matata ya Tabora Jazz wanazidi kupungua. Mtu wa Dar es Salaam akitaka, anakwenda kuwaona Msondo Ngoma au Sikinde jukwaani. Wewe wa Makanyagio, Kashaulili au Nsemulwa itabidi umtafute mwenzako mbali: Tabora, Tanga, Nairobi, Bukavu, Muscat, pengine hata Ujerumani.

Anapatikana, na njia ya kumpata ni ya siku nyingi. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na vipindi vya salamu, na kadi zake ziliuzwa. Msikilizaji alijaza jina lake, mahali anapoishi na majina ya wale anaowasalimu, kisha akaipeleka posta na kukaa karibu na redio kusubiri isomwe. Wapo waliotuma kadi kwa wingi hadi majina yao yakazoeleka nchi nzima, wakajipachika na majina ya utani. Polepole wakaanza kusalimiana wao kwa wao, watu ambao hawajapata kuonana. Wakaandikiana barua, wakaunda vyama vya watuma salamu, wakafikia hatua ya kuhudhuriana kwenye harusi na misiba. Kenya nako kukawa hivyo hivyo. Watu hao hawakuwa na simu wala pesa za nauli ya mara kwa mara. Walichokuwa nacho ni mazoea: siku ile ile, kipindi kile kile, jina lile lile likisikika tena na tena, mpaka likawa la mtu wa nyumbani.

Mazoea hayo ndiyo ninayotaka uyaazime. Siku hizi kurusha nyimbo mia moja kwa mkupuo ni jambo la dakika chache, na hazimfanyi mtu kuwa rafiki yako. Anakuwa rafiki pale anapoona kwamba ulikaa ukasikiliza, na ukaweza kumweleza ulichosikia.

Jua kwanza ulicho nacho

Watu wengi wa huku wakianza kuwasiliana na wapenzi wa muziki wa mijini hujiona kama waombaji: mimi niko mbali, sina kitu, nisaidie nyimbo. Usianze hivyo. Mpanda ina mali ya muziki ambayo mwenzako hana, na sababu yake iko kwenye historia ya mji wenyewe.

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, yale madini. Reli na mgodi vikaleta watu wa kila kona, nao wakaja na ngoma zao juu ya zile za Wabende, Wakonongo na Wapimbwe waliokuwepo. Upande wa magharibi kuna Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ni Kongo. Katumba ilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, Mishamo ikafuata mwishoni mwa muongo huo, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo pamoja na Ulyankulu wakapewa uraia wa Tanzania. Kwaya za huko zina namna yake ya kupanga sauti ambayo mtu wa Tanga hajawahi kuisikia. Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao wameleta nyimbo za mashindano, mambo ya makundi ya Wagika na Wagalu. Yote hayo unaweza kuyasikia bila kutoka nje ya mkoa.

Halafu kuna kaseti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hawajui thamani ya kilichomo kwenye maboksi ya wazazi wao. Bendi zetu nyingi zilirekodi nyimbo zake katika studio za Radio Tanzania, na nyimbo hizo zilikuwa za kurushwa hewani. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, kwani hapa hapakuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ikawa ngumu. Matokeo yake ni kwamba nyimbo nyingi hazikupata kutoka kwenye santuri kabisa: zilibaki kwenye tepu za redio, na kwenye kaseti za wananchi walionasa kipindi hewani kwa redio kaseti zao. Kaseti ya marehemu babu yako, iliyonaswa sebuleni huku mbwa akibweka, inaweza kuwa na wimbo ambao mkusanyaji wa Nairobi ameutafuta kwa miaka.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta rafiki, kaa chini uandike orodha. Una kaseti ngapi, zina nini, ni nani mtaani kwako aliyepiga ala, ni mwalimu gani wa kwaya ana daftari la nota za zamani. Orodha ya ukurasa mmoja inatosha.

Mahali pa kumpata

Anza na watu unaowajua. Fundi redio wa sokoni anajua ni nani bado anatengenezesha redio kaseti, na mtu anayelipia matengenezo ya redio kaseti leo hii ni mpenzi wa muziki wa kweli. Mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi anajua wateja wake wanaomba nini. Mwachie namba yako na umwambie akitokea mtu anaomba nyimbo za bendi kama Maquis au Super Volcano akupigie. Mwalimu wa kwaya ana marafiki katika kila jimbo na kila usharika, kwa sababu walimu wa kwaya wameshazoea kutumiana nota, na watunzi wa Kikatoliki wana hazina yao mtandaoni, Swahili Music Notes, ambako nota hupakiwa ili kwaya ya mbali izipate. Ukiwa mwanakwaya, rafiki yako wa kwanza wa mbali pengine ndiye aliyetunga wimbo mnaoimba Jumapili hii. Jina lake liko juu ya karatasi ya nota. Mwandikie umweleze ulivyopokelewa. Watunzi wengi hawapati kabisa habari ya jinsi wimbo wao ulivyoimbwa mahali kama Inyonga au Majimoto.

Redio bado inafanya kazi. Piga simu au tuma ujumbe kwenye vipindi vya zilipendwa na vya salamu, taja jina lako na Mpanda kila mara, na uombe wimbo wenye maana kwako, hata kama si ule unaopendwa na wote. Kumbuka tu kwamba mawimbi ya FM hayaendi mbali. Ukisalimia kupitia Mpanda FM, wa Tabora hatakusikia kwa redio ya mkononi. Mawimbi ya kati ndiyo husafiri mbali, hasa usiku, kwa kuwa tabaka la angani linaloyanyonya mchana hutoweka jua likizama. Ndiyo maana wazee wa huku walinasa stesheni za nchi jirani baada ya saa moja usiku, na ndiyo maana muziki wa Kongo ulizoeleka masikioni mwao kama wa kwao.

Wengine utawapata kwenye makundi ya simu. Ushauri wangu: kaa kimya kwa muda, soma, utambue ni nani anayejibu maswali kwa upole na kwa uhakika. Huyo mwandikie pembeni. Mwenye kelele nyingi kundini mara chache huwa na muda wa mtu mmoja.

Barua ya kwanza

Iwe barua ya karatasi au ujumbe wa simu, ya kwanza ndiyo huamua. Makosa yake yanafanana: salamu ndefu bila hoja, au “niaje, una nyimbo gani?” Swali hilo halijibiki. Mfano wa ujumbe unaojibika, kwa mtu mzima wa Tabora, ni huu:

“Shikamoo mzee wangu. Naandika kutoka Mpanda. Namba yako nimepewa na mwalimu wetu wa kwaya, ambaye anasema mliwahi kuimba pamoja. Nina kaseti ya marehemu baba aliyoinasa redioni. Upande wa pili kuna wimbo ambao nadhani ni wa Tabora Jazz, lakini jina lake silijui, kwani mtangazaji alikuwa ameshalitaja kabla baba hajabonyeza. Unaanza na gitaa moja peke yake, tumba zinafuata, na kwenye chemko saksafoni inajibizana na waimbaji. Nimekuwekea dakika moja ya mwanzo. Je, unautambua? Ukipata nafasi tu, mzee wangu. Zipo nyingine kwenye kaseti hiyo hiyo, na ukipenda nitakutumia orodha.”

Tazama kilichomo. Ametaja aliyempa namba, ili mzee asishtuke. Ameeleza mahali mahususi ndani ya wimbo: gitaa, tumba, chemko. Ameuliza swali moja. Ametoa kitu kabla ya kuomba, wala hakutaja shida zake. Mzee aliyekuwa akicheza muziki huo ujanani hawezi kunyamazia ujumbe kama huu.

Heshima ziende na mahali. Shikamoo inamtosha mzee wa Tanzania, lakini kwa mtu wa Bukavu au Kalemie haijazoeleka. Huko utamwamkia kwa jambo na kumwita papa au mama, naye ataridhika. Mkenya wa bara anaweza kushangaa kidogo ukimwamkia shikamoo, ingawa hatachukia. Waswahili wa Oman, wengi wao wenye asili ya Zanzibar, waamkie kwa salaam aleikum, na ujue kwamba huenda mapenzi yao ni taarabu, si dansi. Usijaribu kujifanya mjuzi wa taarabu kama hukukulia humo. Muulize. Muulize kuhusu Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, au kuhusu Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905 na ambacho bado kipo. Mtu akiulizwa kitu anachokipenda, atakaa nawe usiku kucha.

Mzungumzie nini baadaye

Salamu zikishaisha, wengi hukwama. “Mambo”, “poa”, “za huko”, “nzuri”, na mwezi wa pili kimya. Dawa ni kuwa na kazi ya pamoja. Chagueni kitu ambacho kila mmoja ana kipande chake: kuandika majina ya wapigaji wa bendi moja, kupanga nyimbo za kaseti kwa miaka, kufuatilia mwimbaji mmoja tangu bendi yake ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kazi ya kupanga miaka ni tamu kuliko unavyodhani, kwa sababu majina ya bendi zetu yenyewe yanataja enzi. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964; jumuiya ya wafanyakazi ilipobadili jina nayo ikawa JUWATA, baadaye OTTU, na sasa Msondo Ngoma. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza 1978. Mbaraka Mwinshehe akisikika na Morogoro Jazz, ni kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973. Akisikika na Super Volcano, ni kati ya hapo na ajali iliyomuua Kenya mwanzoni mwa 1979. Kwa hiyo mtangazaji akitaja “JUWATA” kwenye kaseti yako, umeshapata robo ya jibu. Andikianeni hoja hizo. Mmoja aseme sauti hii ni ya fulani, mwingine akatae na atoe sababu.

Ubishi huo uwe na adabu. Wapenzi wa muziki hukosana juu ya nani alipiga solo kuliko wanavyokosana juu ya pesa. Kumbukumbu ya mtu aliyekuwa ukumbini ni ya thamani hata ikiwa na kosa la mwaka mmoja, na ukimwambia kwa ukali “umekosea”, hatakueleza tena kilichobaki. Mwambie: “Mimi kwenye kaseti yangu nasikia hivi, hebu nawe sikiliza.” Halafu mwache asikilize.

Njia nyingine ni kusikiliza kwa wakati mmoja. Mnakubaliana usiku wa Jumamosi, mnafungulia kipindi kimoja cha zilipendwa au mnaanza wimbo mmoja pamoja, na mnaandikiana unapoendelea. Ukiwa na rafiki Bukavu, kumbuka saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Muscat iko mbele kwa saa moja. Bando la usiku ni nafuu kwa shughuli hii, na mtandao nao hupumua watu wakishalala.

Mweleze pia mazingira ya muziki ulipo. Mwenzako wa Mombasa hajui ngoma ya mavuno ya kwenu inapigwa wapi, nani anaruhusiwa kuigusa, kwa nini wanakwaya wa Katumba wanachezesha mabega vile. Mrekodie dakika mbili, kwa ruhusa ya wahusika, na umwandikie unachokiona. Na muziki wetu na wa Kongo umeingiliana siku nyingi: mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na kwa Kiswahili akapendwa kote nchini. Wanamuziki wa Maquis nao walitoka Kongo na mtindo wao wa Kamanyola ukachezwa Dar kama wa pale pale. Ukimweleza rafiki yako wa Kongo jinsi nyimbo hizo zinavyopokewa kando ya ziwa upande huu, unampa habari ya nyumbani kwake ambayo yeye hawezi kuiona.

Kuokoa kaseti na kuituma

Sehemu hii ifanye kwa mkono wa taratibu. Kaseti iliyokaa miaka mingi bila kupigwa usiibonyeze moja kwa moja. Tazama kwanza kile kisponji kidogo chenye chuma nyuma ya utepe: kikiwa kimebanduka, sauti itakuwa hafifu na ya kuzama. Fundi anaweza kukibandika au kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine, ikiwezekana lenye skrubu. Zungusha utepe kwa kalamu ya Bic kidogo uone kama umegandana. Ukizunguka bila kukwama, usonge mbele wote kisha urudishe nyuma wote, ndipo upige. Safisha hedi ya redio kwa pamba yenye spiriti, uiache ikauke. Ukiona pamba imekuwa ya kahawia, rudia, kwani uchafu huo ndio unaoziba sauti za juu.

Usiweke simu mbele ya spika ukarekodi. Utapata kuku, pikipiki na mwangwi wa bati. Tafuta waya wenye jeki pande zote mbili, uchomeke upande mmoja kwenye tundu la spika za masikioni la redio na mwingine kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Kompyuta ya steshenari inafaa, mradi ukubaliane na mwenyewe muda, maana kaseti ya dakika 90 itachukua dakika 90 na hakuna njia ya mkato. Programu ya Audacity ni ya bure. Anza na sauti ya redio ikiwa chini, uipandishe taratibu mpaka mistari ikaribie kilele bila kukigonga.

Hifadhi nakala ya kwanza katika muundo wa WAV, bila kuisafisha na bila kukata chochote. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wakishapata kaseti huanza kwa kufuta sauti ya mtangazaji. Mtangazaji ndiye cheti cha kuzaliwa cha wimbo: anataja bendi, kipindi, wakati mwingine na siku. Kelele za utepe zinaweza kupunguzwa miaka kumi baadaye kwa programu bora zaidi. Sauti uliyoifuta hairudi.

WAV ni nzito, kama MB 10 kwa dakika, hivyo kaseti nzima ya dakika 90 inakaribia MB 900. Hiyo iende kwa flashi. Ya kurusha kwa simu ibadili iwe MP3. Kwa kiwango cha 128 ni karibu MB moja kwa dakika, na wimbo wa dakika sita hautakula bando la mwenzako. Irushe kama faili, usiipige kwenye ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unaminya muziki ukabaki wa puani. Jina la faili liwe na bendi, wimbo, na neno “Mpanda” ili lisipotee kwenye simu ya mtu. Usipojua jina la wimbo, andika “jina halijulikani” kuliko kubuni. Jina la kubuni likishaenea, hakuna atakayeliondoa.

Flashi hutumwa kwa basi kama mzigo mwingine. Ifunge kwenye kiboksi, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji na ya kwako kwa kalamu isiyofutika, ipeleke ofisini stendi badala ya kumpa mtu mkononi, chukua risiti na uipige picha umtumie mwenzako. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga imefanya safari hii kuwa nyepesi; zamani masika yalikuwa yanakata mawasiliano na mizigo ililala njiani. Kaseti yenyewe ya asili usiitume. Ibaki kwako, mahali pasipo jua, mbali na spika.

Kutumiana nakala ya kusikiliza kati ya marafiki wawili na kuuza nyimbo za watu ni mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na warithi wao. Msipakie wala kuuza kazi isiyo yenu, na mkigundua kwamba mtunzi yu hai, mpelekeeni yeye nakala kwanza. Wapo wanamuziki wazee wasio na hata wimbo mmoja wa ujana wao.

Kimya, pesa, na nyumbani

Rafiki akinyamaza, usimhukumu. Huku kwetu kuanzia Novemba watu wako shambani, na ukitoka mjini kuelekea Sumbawanga kwa njia ya Hifadhi ya Katavi mtandao unakatika. Mwenye kiswaswadu hawezi kupokea faili. Mtumie ujumbe mfupi mmoja, mwambie wimbo gani umemkumbuka nao, subiri mpaka mavuno. Nawe ukijua utakuwa kimya, aga.

Pesa ni suala jingine. Marafiki wa kweli husaidiana, lakini mtu ambaye hamjamaliza hata kaseti moja pamoja na tayari anaomba nauli, ada au “tuma kwenye namba hii”, huyo hajaja kwa muziki. Usitume pesa kwa mtu ambaye hujazungumza naye kwa sauti yake, na namba ya siri ya simu usimpe yeyote. Kwa kina dada nitaongeza: mwenye nia ya muziki hatachoka kuzungumzia muziki. Akihama kila mara kwenda kwenye picha zako, mkate mapema bila kumwonea haya.

Mtambulishe rafiki nyumbani kwako. Mwenzi wako asikie sauti yake kwenye simu, watoto wamsalimie. Urafiki uliofichwa huleta maneno hata kama hauna kosa.

Akija Mpanda

Mwalike baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, barabara zikiwa kavu na ngoma zikiwa nyingi. Kama anatoka Dar es Salaam au Tabora na ana subira, aje kwa treni kupitia Kaliua. Mpenda muziki wa zamani ataipenda safari hiyo kuliko ya basi. Makazi ya Katumba na Mishamo yana utaratibu wake wa wageni, hivyo uliza mapema na upitie kwa mwenyeji, hasa kwa viongozi wa kwaya. Akitaka kuona viboko wa Katavi, kiangazi ndicho wakati wake, maji yakipungua na wanyama wakirundikana kwenye vidimbwi vilivyobaki. Siku ya kwanza usimpangie ratiba. Mpe chai, mtolee kaseti, mwache azishike.

Kuna jambo moja la kulipanga mkiwa wazima wote wawili. Mpenzi wa muziki akifariki, mara nyingi boksi lake hutupwa na simu yake hufutwa ndani ya wiki, kwa kuwa familia haijui kilichomo. Kila mmoja amwachie mwenzake nakala kamili ya alichonacho, na orodha ya majina iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu karatasi haihitaji chaji. Chagua mtoto au mpwa mmoja, mwonyeshe boksi lilipo, mpe namba ya rafiki yako wa mbali, na mpige simu wote watatu ili sauti ya kijana huyo iwe si ngeni siku atakapolazimika kupiga peke yake.